Mchezo wa Bao na Asili Yake

Wako wazee wetu hapa Titye wasiopenda kuwaona vijana wameuzunguka ubao wa bao wakati wa jioni. Husema kwamba ni mchezo wa wavivu, tena ni mlango wa kamari. Sisi walimu tumeisikia lawama hiyo mara nyingi, nasi twaona yafaa tuzitazame habari za kale kabla ya kuukata mti mzima kwa ajili ya tawi moja bovu.

Kwanza, mchezo huu si wa jana. Mfaransa Étienne de Flacourt, katika kitabu chake juu ya kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, kilichochapishwa mwaka 1658, alitaja mchezo wa namna hii. Jirani zetu wa Rwanda wana igisoro, Waganda wana omweso, na Waswahili wa Pwani wana bao lao. Nasi wa Buha tumekaa katikati: kaskazini ziko nchi hizo za maziwa, na kando ya Ziwa Tanganyika uko Ujiji, ilikofika njia ya misafara ya Pwani.

Ubao wao ni wa namna moja: safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji ana safu 2 na kete 32. Lakini sheria zatofautiana. Waganda huziweka kete zote ubaoni tangu mwanzo. Mswahili huanza na kete 10 tu: 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, 22 hubaki mkononi, naye huziingiza moja moja kila zamu. Huko ndiko kunamua. Za mkononi zikiisha, huingia mtaji, ndipo kila mtu hucheza kwa kilichopo ubaoni tu.

Hata hivyo, katika jambo moja wote hupatana: kete zilizoliwa hazitupwi nje, bali hupandwa tena upande wa aliyezila. Mwanzo ni 64, na mwisho ni 64. Kwa hiyo mchezaji hana budi kuhesabu kichwani, bila kalamu, kete yake ya mwisho itaangukia wapi. Hiyo si kazi ya mvivu.

Kuhusu kamari, tuwatazame Wakuba wa Kongo. Yasimuliwa kwamba mfalme wao Shyaam, aliyetawala katika karne ya 17, aliwapa watu wake mchezo wa jamii hii ili waache kamari. Sanamu yake ya mti, iliyoko katika jumba la makumbusho mjini London, yamwonyesha ameketi, na mbele yake ubao wa mchezo. Basi, kinachoitwa hapa mlango wa kamari, kule kilikuwa dawa yake.

Ubaya haumo katika mashimo wala katika kete. Umo katika fedha iwekwayo kando ya ubao, na katika shamba lililoachwa magugu. Kwa hiyo twawaomba wazee wasiwafukuze vijana, bali waketi pamoja nao baada ya kazi, wawafundishe kucheza bila fedha. Kijana asiyefundishwa bao na mzee wake atafundishwa na mcheza kamari.