Uyatima wa ujanani (Migori na Homa Bay)

Uyatima wa ujanani ni hali ya kijana wa umri wa balehe kufiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, hali hii ilienea kwa kasi ya kutisha katika miaka ya 1990. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay.

Chanzo

Chanzo kikuu ni UKIMWI. Mgonjwa wa kwanza nchini alitambuliwa mwaka 1984, lakini Rais Daniel arap Moi hakuutangaza kuwa janga la taifa hadi Novemba 1999. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006, na kwa wazazi wengi zilichelewa. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2018, uitwao KENPHIA, ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 Homa Bay na 13.0 Migori, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.9. Wavuvi wanaozama ziwani nao huacha yatima.

Matanga na baada yake

Kwa Waluo mzazi huzikwa nyumbani: mume upande wa kulia wa nyumba, mke kushoto. Wafiwa hunyolewa nywele. Akifa mzee wa boma hufanyika tero buru, ambapo wanaume huswaga ng'ombe na kubeba mikuki ili kufukuza kifo. Siku hizo kijana ana ruhusa kamili ya kulia kwa sauti mbele za watu, na huo ni msaada mkubwa usiopaswa kudharauliwa.

Uzito huja waombolezaji wakishaondoka. Wakati wa janga, binti aliyemuuguza mama yake miezi mingi aliweza kuambiwa kwamba marehemu aliuawa na chira, laana ya kuvunja mwiko. Aibu iliwafunga watu wazima midomo, na mtoto akabaki na maswali yake. Malezi yaliangukia bibi, mara nyingi mjane asiye na kipato. Hayo ni ya Waluo; Wakuria wa Migori na Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano wana desturi zao.

Fedha za serikali

Mpango wa kuhawilisha fedha kwa kaya zenye yatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004, na baadaye malipo yakafikia shilingi 2,000 kwa mwezi. Tathmini ya 2007 hadi 2011 ilihusisha pia wilaya za wakati huo za Migori, Homa Bay na Suba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba uwezekano wa kijana kuwa na dalili za sonona ulipungua kwa asilimia 24 katika kaya zilizolipwa. Nafuu ilionekana kwa wavulana, na zaidi kwa yatima. Kwa wasichana haikuthibitika.

Ushauri nasaha

Jaribio kubwa la ushauri nasaha lilifanyika nje ya kaunti hizi, Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania, kwa yatima 640 wa miaka 7 hadi 13. Washauri hawakuwa wataalamu wa afya ya akili, bali watu wa kawaida waliofunzwa. Matokeo ya 2020 yalionyesha nafuu iliyodumu zaidi upande wa Kenya.

Hali ya sasa

Huko Lwala, Migori, ndugu Milton na Fred Ochieng', waliofiwa na wazazi wote wawili kwa UKIMWI, walifungua zahanati mwaka 2007. Shuleni, kumsikiliza mfiwa huachiwa mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye naye ana vipindi vyake vya kufundisha.