Mahame ya Furaha

Kila mwaka ufikapo msimu wa mitihani, sisi walimu wa Kiswahili huwapa wanafunzi wetu ile insha ya tangu zamani, yaani habari ya siku waliyofurahi kupita siku zote. Insha hizo tumekwisha kuzisahihisha kwa mamia, na walimu wenzetu wasomao kurasa hizi watakubaliana nasi kwamba mtoto aliyelelewa pwani aghalabu hutaja Idi, na akishaitaja Idi hakosi kuitaja pembea. Baadhi yetu tuliozaliwa huko kabla ya kuja kufundisha bara twazikumbuka vizuri pembea hizo za mbao, na yule kijana mwenye misuli aliyekuwa akizisukuma kwa mikono yake mwenyewe, jasho likimtiririka na senti zetu zikilia mfukoni mwake. Siku tatu nne zikipita, mbao zilifumuliwa na uwanja ukarudi kuwa uwanja. Hatukulia, maana tulijua kuwa Idi nyingine yaja.

Lakini makala haya si ya pembea za Idi. Yametokana na swali la mwanafunzi wetu mmoja, mtu mzima, aliyetaka kujua ni neno gani la Kiswahili lenye kueleza uchungu wa mtu akumbukaye mahali alipochezea utotoni, napo mahali penyewe hapako tena. Tulimpa hamu, tukampa shauku, tukampa jitimai. Hakuridhika hata moja, nasi kwa hakika hatukuridhika. Mwisho tulimwachia neno ambalo halitaji moyo bali lataja ardhi, nalo ni mahame, mahali palipohamwa na watu. Msomaji aliyepata kutembea katika magofu ya Gede analijua neno hilo kwa miguu yake. Ila mahame humfanya mtu aulize maswali ambayo hamu haiyaulizi: nani walikaa hapa, nani waliondoka, na nani hawakuruhusiwa kuingia tangu hapo awali? Kwa maswali hayo tumeonelea vema tuwasimulie wasomaji wetu habari za viwanja vya furaha vya Marekani vilivyofungwa, ambavyo wazee wa huko huvililia mpaka leo.

Asili ya viwanja hivyo ni biashara ya tramu. Mwishoni mwa karne ya 19 makampuni ya tramu za umeme yalikuwa na abiria tele siku za kazi, lakini Jumapili magari yalikwenda matupu. Basi wenye makampuni wakabuni hila: mwisho wa reli, nje ya mji, penye miti au ziwa, wakajenga mahali pa kucheza, ili watu wapande tramu kwa kwenda na kwa kurudi. Hapo waliweka bembea za farasi wa mbao wazungukao kwa muziki, kumbi za dansi, mabwawa ya kuogelea, na vile vigari vipandavyo mlima wa mbao polepole kisha vikaporomoka kwa kasi huku waliomo wakipiga mayowe. Viwanja vya namna hiyo vilienea kwa mamia, hata mji wa wastani ukikosa kimoja ulijiona mnyonge mbele ya jirani zake.

Tutaje vitatu tu. Cha kwanza kilikuwa Riverview katika mji wa Chicago, kilichofunguliwa mwaka 1904. Mashuhuri kupita michezo yake yote yalikuwa magari ya mlimani yaliyoitwa Bobs, yaliyojengwa mwaka 1924, na hata leo mzee wa Chicago akisikia jina hilo husimama akaanza hadithi. Cha pili kilikuwa Glen Echo, katika jimbo la Maryland, karibu na Washington. Mahali hapo palianzishwa mwaka 1891 pawe pa mafunzo na mihadhara, jambo ambalo sisi walimu tungelipenda lidumu, lakini mihadhara ilishindwa upesi na michezo ikatawala. Mwaka 1921 ililetwa bembea ya farasi iliyochongwa katika karakana ya Dentzel ya Philadelphia, na mwaka 1931 lilifunguliwa bwawa la kuogelea lililoweza kuchukua watu 3,000 kwa mara moja. Cha tatu kilikuwa Gwynn Oak, kando ya mji wa Baltimore, katika jimbo lilo hilo la Maryland.

Vyote vitatu vimekufa. Riverview kilifungwa ghafula baada ya msimu wa mwaka 1967, ardhi ikauzwa, na watoto waliokuwa wakingojea kiangazi kijacho wakaona milima ya mbao ikibomolewa. Glen Echo kilifungwa mwaka 1968. Gwynn Oak kilipigwa na mafuriko ya tufani iliyoitwa Agnes mwezi wa Juni 1972, kisifunguliwe tena. Wala si hivyo peke yake, kwani Euclid Beach cha Cleveland kilifungwa mwaka 1969 na Palisades cha New Jersey mwaka 1971. Sababu zatajwa nyingi, nazo ni za kweli: watu walinunua motokaa wakaacha tramu, ardhi ya kando ya miji ilipanda bei, na tangu mwaka 1955, Disneyland ilipofunguliwa California, mtoto aliyeona mambo ya huko katika televisheni hakutosheka tena na farasi wa mbao wa mtaani kwao.

Hizo ndizo sababu tulizozoea kuzisoma, nasi tungeweza kuishia hapo, tukapata makala matamu yasiyomwudhi mtu. Lakini kuna jambo jingine ambalo wenye kukumbuka hulipitia kando kama apitaye kando ya mlango wa mdeni wake, nalo ni lango.

Glen Echo hakikumruhusu Mwafrika wa Marekani kuingia. Gwynn Oak vile vile. Pesa za tiketi alikuwa nazo, tramu ilimfikisha mpaka mwisho wa reli, ila langoni alirudishwa, yeye na watoto wake. Wenye viwanja walidai kwamba wao hawana chuki, bali wateja wao Wazungu wangekimbia. Riverview kiliwapokea watu weusi, lakini pokezi lenyewe lilikuwa na aibu yake. Kwa miaka mingi palikuwa na mchezo ambao watu weusi waliajiriwa wakae juu ya kibao ndani ya kizimba, chini yao maji, na mteja alirusha mpira kulenga shabaha. Akiipiga, kibao huanguka na mtu hutumbukia. Mchezo huo uliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1950. Tumeona kumbukumbu nyingi za Riverview zisemazo habari za Bobs, za harufu ya vyakula na za taa za usiku. Mchezo wa kizimba hutajwa kwa mstari mmoja, ukitajwa.

Jioni ya tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard waliingia Glen Echo wakiongozwa na Laurence Henry. Baadhi yao walipanda farasi wa mbao wakakaa. Mlinzi alimjia Henry akamwuliza ni wa kabila gani, naye akajibu kuwa ni wa kabila la binadamu. Mashine ilisimamishwa, nao hawakushuka. Wakaa juu ya farasi wasiokwenda, mikononi wameshika tiketi walizonunuliwa na wenzao Wazungu. Watano walikamatwa. Kesi yao ilipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama Kuu Kabisa ya nchi, ambayo mwaka 1964 iliifuta hukumu yao, kwa sababu mlinzi aliyewakamata alikuwa pia amepewa mamlaka ya serikali, hivyo serikali yenyewe ilikuwa imeutia mkono ubaguzi. Mmoja wa watano hao, Gwendolyn Greene Britt, baadaye alichaguliwa kuwa seneta katika bunge la jimbo la Maryland.

Wanafunzi hawakuwa peke yao. Kiangazi chote cha mwaka 1960 walisimama langoni wakiwa na mabango, pamoja na wakazi wa mtaa wa jirani uitwao Bannockburn, wengi wao Wayahudi. Na ng'ambo ya pili walisimama wafuasi wa chama cha Kinazi cha Marekani. Fikiri, ndugu msomaji, mtoto anapelekwa na mama yake kupanda bembea, na njiani apita katikati ya safu hizo mbili. Msimu wa mwaka 1961 ulipofunguliwa, lango lilikuwa wazi kwa wote.

Mwaka huo huo wa 1961, katika jimbo hilo hilo la Maryland, balozi wa Chad, Malick Sow, alikuwa safarini kutoka New York kwenda Washington kupeleka hati zake kwa Rais Kennedy. Aliingia katika mkahawa wa kando ya barabara kuu nambari 40, akakataliwa kuhudumiwa. Wasomaji wetu wa Afrika wasidhani basi kwamba habari hizi ni za watu wengine. Bendera zetu zilikuwa zikipandishwa, huku wajumbe wetu wakinyimwa kikombe cha kahawa.

Gwynn Oak kilikuwa na ukaidi zaidi. Watu walianza kulalamika mbele ya lango lake tangu mwaka 1955, katika sikukuu yake iliyoitwa Siku ya Mataifa Yote (hatuna haja ya kuongeza neno hapo). Miaka minane ilipita. Tarehe 4 Julai 1963, siku ambayo Wamarekani husherehekea uhuru wao, zaidi ya watu 280 walikamatwa langoni kwa kosa la kuingia mahali wasiporuhusiwa. Miongoni mwao walikuwamo wachungaji, mapadre na marabi, akiwamo Eugene Carson Blake, mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa la Kipresibiteri. Siku tatu baadaye wengine wapatao mia wakakamatwa. Magazeti ya nchi nzima yaliandika, na kabla mwezi haujaisha wenye uwanja walikubali.

Siku iliyowekwa ya kufungua lango ilikuwa tarehe 28 Agosti 1963. Siku hiyo, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka hapo, umati wa watu robo milioni ulikuwa umekusanyika Washington kumsikiliza Martin Luther King. Wengi wanaijua hotuba ile. Wachache wanajua kwamba wakati huo huo Bwana Charles Langley alipita lango la Gwynn Oak pamoja na mkewe na mtoto wao wa miezi kumi na mmoja, aitwaye Sharon, akamweka juu ya farasi wa mbao, akamshika ubavuni asianguke. Sharon Langley ndiye mtoto mweusi wa kwanza kupanda bembea ile. King mwenyewe alikwisha kuandika mwezi wa Aprili mwaka ule, akiwa kifungoni Birmingham, juu ya taabu ya mzazi ambaye ulimi wake hukwama pale binti yake mdogo aliyeona tangazo katika televisheni anapouliza kwa nini haendi Funtown, uwanja wa furaha wa Atlanta. Kati ya mambo yote ambayo angeweza kuyataja katika waraka ule, aliona machozi ya mtoto yanafaa kuwekwa pamoja na damu ya watu wazima.

Sasa turudi kwenye kilio cha wazee. Wako wasemao kwamba viwanja viliharibika baada ya malango kufunguliwa, na hutaja ghasia za Glen Echo za Jumatatu ya Pasaka mwaka 1966. Ghasia zilikuwako, mali iliharibiwa. Lakini husahaulika kwamba siku ile uwanja ulifungwa mapema, mabasi ya kuwarudisha vijana weusi Washington yakasimamishwa, na vijana hao wakaachwa watembee kwa miguu usiku kupita mitaa ya watu wasiowapenda. Mwanahistoria Victoria Wolcott, aliyeichunguza habari hii katika miji mingi, ameonyesha jinsi wateja Wazungu walivyojitenga na viwanja hivyo baada ya ubaguzi kukoma, na jinsi hamu ya zamani ilivyoifunika habari ya kwamba zamani yenyewe ilikuwa na ulinzi wa polisi.

Sisi hatusemi kwamba mzee yule adanganya. Alikuwa mtoto, na mtoto aliyepanda farasi hatazami nyuma kuona nani yuko nje ya ua. Furaha yake ilikuwa furaha ya kweli. Ila mwenzake wa umri ule ule naye ana kumbukumbu yake, ya taa zilizoonekana kwa mbali na muziki uliosikika juu ya ukuta, na mtu hawezi kukililia kilichofungwa ikiwa kwake hakikupata kufunguliwa. Kwa hiyo mahali pamoja pameacha mahame mawili, na mwalimu asomeshaye insha ya siku ya furaha huenda akakuta darasani mwake mtoto wa namna ya pili, aliyeacha karatasi nyeupe. Tumepata kuwakuta. Tuliwapa sifuri.

Glen Echo kiko mikononi mwa idara ya hifadhi za taifa tangu mwaka 1971. Bwawa la watu 3,000 halipo. Umebaki uso wa jengo la kuingilia. Bembea ya mwaka 1921 iliuzwa mwaka 1970, lakini majirani walichanga dola 80,000 wakaikomboa, na kiangazi huzunguka mahali pale pale. Gwynn Oak ni majani na miti kando ya mto, na familia huenda hapo kupumzika bila kununua tiketi. Bembea yake ilihamishiwa Washington mwaka 1981, ikasimamishwa katika uwanja mkuu wa taifa, ule ule ambao umati wa mwaka 1963 ulikuwa umejaa, na mwaka 2023 iliondolewa ili ikakarabatiwe. Juu ya mmoja wa farasi wake limeandikwa jina la Sharon Langley.