Vyombo vya Karakana na Warithi Wake

Mtu akishuka katika kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani, mjini Dar es Salaam, akatembea kidogo kuelekea Kariakoo, husikia mlio wa chuma kabla hajamwona anayekigonga. Hapo, katika wilaya ya Ilala, wako mafundi wengi: wenye kukereza, wenye kutoboa, wenye kulehemu, na wenye kuuza vipuri vya kila namna. Mashine nyingi za namna hiyo zilikuja kutoka ng'ambo zikiwa zimekwisha tumika, na zingine zina umri kupita fundi anayezitumia.

Katika nyumba za mafundi huja siku isiyoepukika. Baba hufariki. Nyuma yake huacha mjane, watoto, na chumba cha kazi chenye kerezo la chuma, keekee kubwa ya kusimama, jiliwa, fuawe, na masanduku ya vyuma vidogo ambavyo hakuna ajuaye kazi yake ila yeye marehemu. Matanga hayajaondoshwa, naye mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha fika mlangoni na mizani yake. Ada ya shule yangoja, na kodi ya chumba yangoja. Je, wauze? Wauze nini, wamwuzie nani, na kwa bei gani? Swali hili laonekana kuwa dogo, la nyumba moja tu. Lakini nchi yetu nzima imepata kuulizwa swali hilo hilo, tena si mara moja. Kwa hiyo nimeona vema kueleza kwanza habari za kale, kisha tutafute shauri humo.

Kazi ya chuma si ngeni kwetu. Wafipa na Wapare waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe tangu zamani sana. Ila karakana yenye mashine zizungushwazo kwa mvuke na mikanda ililetwa hasa na reli. Wadachi walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Garimoshi haliendi bila mahali pa kulitengenezea, basi karakana zikawekwa Dar es Salaam, na ndani yake watu wa nchi wakajifunza kazi mpya za mikono.

Hata ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, thamani ya karakana ikaonekana wazi. Manowari ya Kidachi iliyoitwa Königsberg ilizamishwa katika mito ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wadachi hawakukubali kupoteza vyote. Wakaitoa mizinga yake kumi majini, wakaikokota nchi kavu, na huko Dar es Salaam ikatengenezwa, ikapigana vita tena mbali na bahari. Chombo kilichokufa kikafufuliwa, kwa sababu palikuwa na watu wajuao kazi na palikuwa na zana za kuifanyia. Mmoja wa mizinga hiyo waweza kutazamwa hata leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam. Wapagazi wao wengi waliwekwa kambini, na jina la jeshi hilo la wapagazi kwa Kiingereza likageuka vinywani mwa watu likawa Kariakoo. Ndivyo ulivyopata jina lake mtaa ule ambao leo ni soko kubwa. Waingereza nao wakawa warithi: wakaikuta reli, bandari, na karakana za watu wengine. Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma walibomoa madaraja mengi ya reli, ili urithi huo usiwafae maadui. Lakini reli yenyewe ilikuwa ya upana wa mita moja, sawasawa na ile ya Waingereza iliyotoka Mombasa kwenda Uganda. Basi magari ya upande mmoja yaliweza kwenda upande wa pili. Jambo hili la kipimo tulikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Sasa nieleze kisa kimoja kilichopita katika reli hiyo hiyo. Mwaka 1913 meli iitwayo Graf von Götzen iliundwa katika mji wa Papenburg, Ujerumani. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa masandukuni, ikashushwa Dar es Salaam, ikapelekwa bara mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na mafundi waliotoka nayo kwao. Mwaka 1916, adui alipokaribia, mafundi wakaamriwa kuizamisha. Wakatii amri, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake mafuta mazito kila mahali. Ikazama mwezi wa Julai 1916. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, wakaona mashine zake zingali nzima, kwa ajili ya yale mafuta. Mwaka 1927 ikaanza kusafiri kwa jina jipya, Liemba. Mashine zake za mvuke ziliendelea na kazi hata miaka ya 1970, ndipo zikaondolewa zikatiwa za dizeli.

Tufikiri kidogo. Wale mafundi walijua ya kuwa meli ile yaweza kuwa ya mtu mwingine. Hata hivyo hawakuvumilia kuona kazi ya mikono yao ikiliwa na kutu. Gharama ya mafuta ilikuwa ndogo sana, na faida yake ikadumu nusu karne.

Kisa cha pili ni cha mnada. Baada ya vita, mali za Wadachi katika Tanganyika zilishikwa na serikali ya Kiingereza kuwa mali za adui. Miaka ya mwanzo ya 1920 zikauzwa: nyumba za mjini, maduka, na mashamba ya mkonge pamoja na mashine zake kubwa za kukwangua majani. Wahindi, Wagiriki na Waingereza wakanunua. Mwenye kununua mashine ya mkonge pamoja na shamba, maji, na njia ya reli, alinunua kazi. Lakini mashine ile ile ingeng'olewa ikauzwa peke yake mbali na mkonge, ingekuwa pande la chuma tu. Hapo twajifunza ya kwamba bei ya mashine haikai ndani ya chuma chake peke yake. Nusu yake hukaa katika vitu vilivyo kando yake.

Kisa cha tatu ndicho kikubwa, nacho ni cha ndugu watatu. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na reli za Tanganyika, zikawa shirika moja lenye makao makuu Nairobi. Mwaka 1967 nchi tatu zikafanya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikawa na reli, bandari, posta na ndege kwa shirika. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Ndipo kila mmoja akashika kilichokuwa kwake siku ile. Karakana kubwa ya reli ilikuwa Nairobi, ikabaki kwa Kenya. Tanzania ikafunga mpaka, nayo ikazuia magari na ndege zilizokuwa kwake. Mwaka 1983 mpaka ukafunguliwa. Mpatanishi alikuwa Mswisi, Bwana Victor Umbricht. Alihesabu mali na madeni kwa miaka mingi, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei 1984: Kenya fungu la 42 katika mia, Tanzania 32, na Uganda 26.

Basi hesabu ilipatikana baada ya miaka saba. Lakini mashine hazingoji mahakama wala mapatano. Kichwa cha garimoshi kilichoko huku, na kipuri chake kilichoko kule, vyote viwili vyalala. Wale ndugu watatu waligawana vitu kwanza, wakagawana thamani baadaye. Na ingekuwa kinyume chake wangepata zaidi wote. Hili ndilo neno langu kuu katika habari hii: urithi wa mashine hugawanywa kwa thamani, haugawanywi kwa vipande.

Tena tangu miaka ya 1990 serikali ya Tanzania iliuza viwanda vingi vilivyokuwa mali ya umma. Baadhi ya walionunua waliviendesha vizuri. Wengine hawakuviendesha kabisa, hata serikali ikavitwaa tena baadhi yake. Kwa hiyo hata muuzaji mkubwa yampasa kutazama mnunuzi ataifanyia nini mali, wala asitazame fedha tu.

Sasa turudi Gerezani, katika kile chumba cha marehemu, kwa yule mjane na watoto wake. Shauri nitokalo nalo katika visa hivi ni hili.

Kwanza, asiuze mtu yeyote kabla ya ukoo kuketi na msimamizi wa mirathi kuthibitishwa na mahakama. Mtoto mmoja akichukua keekee, mwingine akichukua mota ya kerezo, na mjomba akichukua jiliwa, wamefanya yale yale ya mwaka 1977.

Pili, viandikwe vyote katika daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vyuma vidogo ndivyo vya kuangaliwa sana: taya za kushikia kazi, visu vya kukerezea, funguo, na magurudumu ya meno ya kubadilishia. Kerezo lisilo na magurudumu yake haliwezi kukata kila namna ya uzi wa parafujo. Na hapa lile neno la kipimo larudi: mashine ya kale ya Kiingereza kwa kawaida hupimwa kwa inchi, ya Kidachi kwa milimita, na ufunguo wa moja hauishiki nati ya nyingine vema. Watoto huviuza vitu hivi kwanza, wakividhani takataka, kumbe wameuza ulimi wa mashine wakabakiwa na mwili bubu.

Tatu, mashine ipakwe mafuta siku ile ile karakana inapofungwa. Hewa ya pwani ina chumvi, na kutu haijui msiba. Tusishindwe na wale mafundi wa Kigoma.

Nne, aitwe fundi asiyetaka kununua, alipwe ujira wake, aseme thamani. Kila mtu ajua kuchagua shati la mtumba: huligeuza nje ndani, akatazama mshono na kola. Na mashine huchaguliwa vivyo hivyo. Fundi atapapasa kitanda cha kerezo karibu na kichwa, maana hapo ndipo kazi nyingi fupi hufanyika na ndipo huliwa zaidi. Ataushika mhimili autikise, asikie kama unacheza. Atatazama meno ya magurudumu. Kisha ataiwasha, akereze kipande cha chuma, akipime mwanzo na mwisho. Mashine inayozunguka mbele ya mnunuzi hujisemea yenyewe; iliyolala gizani husemewa na mnunuzi.

Tano, warithi wajue bei mbili, ya kilo na ya kazi. Mwenye mizani hutaja ya kwanza tu. Ikiwa fundi amesema mashine imekwisha kabisa, iuzwe kwa kilo, wala hakuna aibu. Lakini wasikubali bei ya kilo kwa mashine ambayo ingali yaweza kumlisha mtu.

Sita, kabla ya kumtafuta mnunuzi wa mbali, watazame aliye karibu. Pengine yuko mwanafunzi wa marehemu aliyesimama kando ya kerezo lile miaka kumi. Hana fedha nyingi kwa mara moja, lakini ajua lipi lalia kwa nini na lipi lanyamaza kwa nini. Kwa mkono wake mashine ina thamani kupita mkononi mwa mtu yeyote. Aweza kupewa kwa kulipa kidogo kidogo, au kwa kodi ya kila mwezi, kwa hati iliyoandikwa mbele ya mashahidi. Mjane atapata posho ya miezi mingi, na fedha zigawanywe kwa warithi kila mtu haki yake.

Najua wako watakaosema, Shida haingoji, mwenye njaa hawezi kukaa akihesabu meno ya gurudumu. Neno hilo ni kweli, nami simlaumu mjane auzaye leo ili watoto wale leo. Ila ukoo wake ndio wa kulaumiwa, kama ulikula matanga pamoja naye ukamwacha peke yake mbele ya mizani. Ndugu wakimchangia chakula cha mwezi mmoja, wamempa nafasi ya kungoja bei ya haki.

Tena neno la mwisho kwa mafundi walio hai. Ninyi ndio mnaojua kila chuma ni cha nini. Andikeni katika daftari, bandikeni majina juu ya masanduku, na mwiteni mtoto au mke karakanani siku moja katika mwezi mmwonyeshe. Mafuta ya kuhifadhi urithi hupakwa na fundi mwenyewe, angali yu mzima.