Ndege Mbili za Vita na Kiti cha Rubani

Historia ya ndege za vita huandikwa aghalabu kwa kufuata majina ya zile zilizoundwa kwa maelfu na kupelekwa mapiganoni. Ndege iliyojaribiwa ikaachwa hupewa mstari mmoja katika orodha, kisha husahauliwa. Desturi hiyo yamfaa atakaye kujua nani alimshinda nani, lakini haimtoshi atakaye kujua jinsi maarifa yapatikanavyo. Katika mwaka wa 1942 ndege mbili za majaribio, moja ya Ujerumani na nyingine ya Uingereza, zilipatwa na ajali. Hakuna hata moja kati yake iliyopata kuingia jeshini. Katika ajali ya kwanza rubani alipona; katika ya pili rubani alikufa. Habari za ajali hizo mbili zastahili kusomwa pamoja.

Ndege ya kwanza ni He 280 ya kampuni ya Heinkel. Ilikuwa ndege ya vita yenye injini mbili za jeti, na kwa nguvu za injini hizo iliruka mwaka wa 1941, wakati majeshi yote ya dunia yalipokuwa bado yakipigana kwa ndege za rafadha. Waliyoibuni walitambua jambo moja mapema: kasi ikizidi, upepo humgandamiza rubani hata asiweze kupanda juu ya ukingo wa chumba chake na kujitupa nje kwa nguvu za mikono na miguu. Kwa hiyo walimwekea kiti kilichoweza kurushwa nje pamoja naye kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Tarehe 13 Januari 1942, Helmut Schenk alikuwa ndani ya He 280 iliyoondolewa injini zake na kuvutwa angani na ndege nyingine. Barafu iliziba mahali kamba ilipofungwa, na Schenk hakuweza kujifungua. Alikitupa kifuniko cha chumba, akakifyatua kiti, akateremka salama kwa parachuti. Huyo ndiye mtu wa kwanza ajulikanaye kuwa aliokolewa na kiti cha namna hiyo katika hatari ya kweli. Mwaka uliofuata, 1943, serikali ya Ujerumani ilichagua Me 262 ya Messerschmitt, na He 280 ikakomea katika nakala chache za majaribio.

Ndege ya pili ni MB 3 ya kampuni ya Martin-Baker, iliyoanzishwa mwaka wa 1934 huko Denham, katika jimbo la Buckinghamshire. James Martin, aliyezaliwa Ireland mwaka wa 1893, alikuwa mbunifu na fundi. Kapteni Valentine Baker, mzaliwa wa Wales na mwalimu mashuhuri wa urubani, ndiye aliyezirusha ndege ambazo mwenzake aliziunda. Mmoja aliunda, mwingine akatia maisha yake rehani kuthibitisha kilichoundwa. MB 3 ilikuwa na injini ya Napier Sabre yenye nguvu za farasi 2,000 na zaidi, na mizinga 6 ya milimita 20 katika mabawa yake. Martin aliijenga kwa namna ambayo mafundi wangeweza kufungua vibamba vyake kwa urahisi na kuzifikia sehemu za ndani bila kuchelewa. Iliruka mara ya kwanza tarehe 31 Agosti 1942, naye Baker akiiendesha.

Siku 12 baadaye, tarehe 12 Septemba, Baker aliondoka tena ardhini. Ndege ilipokuwa bado chini, injini ilikufa. Alijaribu kuitua shambani, lakini ndege iligonga ikavunjika, na Baker akafa papo hapo. Nakala nyingine ya MB 3 haikukamilishwa.

Husimuliwa tangu wakati huo kwamba msiba huo ndio uliomgeuza Martin, akaacha silaha na kuutoa moyo wake wote katika kuokoa maisha ya marubani. Yaani, kama wasemavyo wahenga, kufa kufaana. Kisa hicho ni kizuri, nacho kina ukweli ndani yake. Lakini mwenye kuandika historia hana budi kukipima.

Kwanza, Martin alikuwa amekwisha kufikiri juu ya kutoka kwa rubani kabla ya msiba huo. Mapema katika vita alibuni njia ya kukitupa haraka kifuniko cha chumba cha rubani wa Spitfire. Pili, hakuacha ndege za vita. Alitumia maarifa ya MB 3 kuunda MB 5, iliyoruka tarehe 23 Mei 1944 na kufikia maili 460 kwa saa. Walioijaribu waliisifu sana, hasa kwa urahisi wa kuitunza. Hata hivyo, ilikuja wakati saa yake imekwisha pita: mwezi Julai wa mwaka huohuo kikosi cha Uingereza kilipokea Meteor, ndege ya jeti. Tatu, kazi ya kiti chenyewe ilianza mwaka wa 1944, wizara iliyosimamia uundaji wa ndege ilipomtaka Martin atafute njia ya kumtoa rubani katika ndege za jeti. Kasi ndiyo iliyoleta haja ya kiti, kama ilivyokuwa kwa Wajerumani. Kifo cha rafiki kilimkuta mtu ambaye tayari alikuwa na mwelekeo huo, kikamwongezea sababu ya kutochoka.

Mwezi Januari 1945 fundi wa kampuni, Bernard Lynch, alikubali kukaa katika kiti na kurushwa juu kwa baruti kwenye reli iliyosimamishwa kiwandani. Tarehe 24 Julai 1946 mtu huyohuyo alirushwa kutoka ndani ya Meteor iliyokuwa ikienda maili 320 kwa saa, futi 8,000 juu ya ardhi, akafika chini salama. Tarehe 30 Mei 1949, Jo Lancaster alikitumia kiti hicho kuyaokoa maisha yake alipoiacha AW 52, ndege ya majaribio isiyo na mkia, ambayo nayo haikuundwa kwa wingi.

Hapa pana swali ambalo kisa maarufu hakiliulizi. Je, kama Baker angalikuwa na kiti alichokitumia Lancaster, angalipona? Jibu ni kwamba asingalipona. Viti vya kwanza vilimtaka rubani, akiisha kurushwa, ajifungue mwenyewe kitini na kuivuta parachuti kwa mkono wake. Mambo hayo yalihitaji muda, na muda huo ulipatikana kwa urefu wa kutoka ardhini. Lancaster alikuwa nao, Schenk vilevile. Baker hakuwa nao. Ilipasa kwanza kiti kijifungue chenyewe, kisha kipewe roketi ya kukipandisha. Mwaka wa 1961 Doddy Hay alikaa katika kiti cha roketi kilichosimama juu ya ardhi, bila kasi na bila urefu, akarushwa juu kiasi cha kutosha parachuti kufunguka. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu MB 3 ilipoanguka. Kufikia hapo njia ya kumtoa mtu mahali pale Baker alipokuwa ilikuwa imekwisha patikana.

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Katika urubani msemo huo ulikuwa kweli kwa muda mrefu, na ulipunguzwa ukweli wake kidogo kidogo, futi kwa futi, na watu waliojitoa kurushwa. Viti vya Martin-Baker vimekwisha kuokoa marubani zaidi ya 7,000. Hesabu hiyo haionekani katika orodha ya ndege za vita, ambamo MB 3 imeandikwa kuwa ndege iliyoundwa moja ikaanguka. Kampuni iliacha kuunda ndege, lakini haikuliondoa jina la Baker, mtu ambaye hakupata kukiona hata kiti kimoja kati ya hivyo vibebavyo jina lake.