Mkono wa Kushoto wa Harlem

Santuri ya zamani ilibeba kama dakika 3 tu za muziki kila upande. Wapiga piano wa Harlem, jijini New York, hawakupoteza hata sekunde moja.

Mtindo wao wa jazi ni straidi, na uhondo wake umo katika mkono wa kushoto. Mkono huo hugonga noti nzito ya chini, mara huruka hadi katikati ya kinanda kupiga noti kadhaa kwa pamoja, kisha hurudi chini bila kukosa pigo. Mkono wa kulia nao hubaki huru kupamba. Ndiyo maana mtu mmoja alitosha kuwachezesha watu usiku kucha katika sherehe za nyumbani, ambako wageni walilipa kiingilio ili mwenyeji apate kodi ya nyumba.

James P. Johnson alirekodi "Carolina Shout" mwaka 1921, na kipande hicho kikawa mtihani wa kila kijana aliyetaka heshima. Duke Ellington alikijifunza kwa kufuata vibonye vya piano inayojipiga yenyewe. Fats Waller, mwanafunzi wa Johnson, alirekodi "Handful of Keys" mwaka 1929: furaha tupu, haijachuja hadi leo. Art Tatum, aliyekuwa karibu kipofu, aliongeza kasi kupita wote. Teddy Wilson akaulainisha mtindo huo katika enzi ya jazi ya swingi.

Usijali mikwaruzo ya santuri. Unaposikiliza mara ya kwanza, fuata mkono wa kushoto peke yake.