Divai nyekundu ya Bourgogne

Divai nyekundu ya Bourgogne hutengenezwa mashariki mwa Ufaransa, karibu yote kwa zabibu za aina moja, Pinot Noir. Mashamba yake mashuhuri yamo Côte d'Or, ukanda mwembamba wa miteremko ya chokaa na udongo wa mfinyanzi kusini mwa Dijon. Vipande vya mashamba hayo, viitwavyo climats, viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015. Kwa kuwa zabibu ni zile zile, ladha ya kila mwaka hutegemea udongo, hali ya hewa na maamuzi ya mtengenezaji.

Shambani

Kazi huanza wakati wa baridi, mizabibu inapopogolewa. Mzabibu ulioelemewa na vichala hutoa divai nyepesi. Ndiyo maana sheria huweka ukomo wa mavuno kwa hekta, na ukomo huo ni mkali zaidi katika mashamba ya daraja la juu, grand cru. Pinot Noir ina ganda jembamba na huoza upesi. Mwaka wa mvua mkulima hupunguza majani ili upepo uvikaushe vichala. Mwaka wa jua kali huyaacha yawe kivuli. Siku ya kuvuna nayo ina uzito wake. Katika joto la 2003 mavuno yalianza Agosti badala ya Septemba, na kila siku ya kungoja iliongeza sukari na kupunguza ukali wa asidi.

Ghalani

Hapa watengenezaji hutofautiana sana. Henri Jayer (1922–2006) wa Vosne-Romanée aliondoa vikonyo vyote na kuziloweka zabibu katika ubaridi kabla hazijaanza kuchachuka, akapata divai laini yenye harufu ya matunda. Kinyume chake, nyumba za divai za Domaine Dujac na Domaine de la Romanée-Conti zimejulikana kwa kuchachusha vichala vizima. Vikonyo vilivyokomaa huleta harufu ya viungo. Vibichi huleta uchungu.

Baadaye divai hukaa katika mapipa ya mwaloni ya lita 228, mara nyingi kwa miezi 12 hadi 18. Pipa jipya hutia ladha ya vanila na moshi, na likizidi huifunika zabibu yenyewe.

Kwa sababu hizo, anayechagua divai ya Bourgogne asome kwanza jina la mtengenezaji, kisha mwaka.