Kifaduro: Bakteria Alibadilika, Chanjo Ikabaki Ileile

Mwaka 1996 kifaduro kilifumuka Uholanzi, nchi ambayo karibu kila mtoto mchanga alikuwa akichanjwa. Waliougua ni pamoja na waliokwisha kuchanjwa. Frits Mooi na wenzake wakafungua akiba ya bakteria waliochukuliwa kwa wagonjwa kwa miongo kadhaa, wakalinganisha jeni zao na za bakteria waliotengenezewa chanjo.

Bakteria wa zamani walifanana na wa chanjo. Wa miaka ya karibuni walitofautiana nao katika sumu ya kifaduro na katika pertaktini, protini inayomsaidia bakteria kunata kwenye njia ya hewa. Chanjo ilikuwa ikiufundisha mwili kumtambua adui kwa picha ya ujanani mwake.

Picha hiyo ilitoka kwa wagonjwa. Mwaka 1906, mjini Brussels, Jules Bordet na Octave Gengou walimwotesha bakteria huyo kwenye mchanganyiko wa viazi na damu. Miaka ya 1930, Pearl Kendrick na Grace Eldering wa Grand Rapids, Michigan, walipita nyumba kwa nyumba baada ya kazi, wakiwakohoza watoto juu ya sahani za maabara. Humo wakapata bakteria wa kutengenezea chanjo ya bakteria mzima aliyeuawa.

Chanjo hiyo iliokoa wengi, ila iliwaletea watoto homa na maumivu. Mwaka 1981 Japani ilianza kutumia chanjo ya protini chache zilizosafishwa, na nchi nyingi tajiri zikafuata. Mwaka 2012 Marekani iliandikisha wagonjwa zaidi ya 48,000, idadi kubwa kuliko yoyote tangu 1955. Bakteria wengi waliopimwa hawakuwa na pertaktini kabisa.

Hata hivyo jeni si mshtakiwa pekee: kinga ya chanjo hizo mpya hupungua upesi zaidi. Nazo bado huzuia ugonjwa mkali, hasa kwa watoto wachanga. Kenya na Tanzania hutumia chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, yenye bakteria mzima, inayouonyesha mwili sehemu nyingi za adui.

Siku hizi hospitali nyingi duniani hutambua kifaduro kwa kipimo cha vinasaba, bila kumwotesha bakteria. Majibu hutoka haraka, lakini akiba kama ile ya Uholanzi haijazwi. Maabara zikiacha kuotesha, mabadiliko yajayo ya bakteria huyu yatachelewa kuonekana.